Nimeandikiwa dawa ya sonona na Jumatatu nina safari ya Serengeti: nianze au nisubiri?

Msomaji anauliza:

"Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa utalii, nina miaka 36, naishi Sakina hapa Arusha na mke na watoto wawili. Tangu mwaka uanze silali vizuri, sina hamu ya kitu, wageni wakicheka kwenye gari mimi naona kero. Juzi nilienda hospitali, daktari akasema ni sonona, akaniandikia Fluoxetine mg 20, kimoja asubuhi, vya mwezi mzima. Viko kwenye mkoba wangu wa kazi, sijagusa. Nimesoma karatasi ya ndani, madhara yamejaa kurasa mbili. Jumatatu naondoka na wageni siku 6, Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, naogopa kusinzia kwenye usukani. Naogopa pia kuwa teja wa vidonge na kuishiwa nguvu za kiume. Rafiki yangu ameniambia hizo ni dawa za Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, ukianza huachi. Nikuambie na ukweli mwingine: safari iliyopita tukishuka ule mteremko wa ukuta wa Manyara kurudi Mto wa Mbu nilijikuta natamani yaishe tu yote. Ilipita. Je, nianze kabla ya safari au nikirudi? Na mke wangu nimwambie?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi na nitayajibu, ila naanza na lile uliloliweka karibu na mwisho kisha ukalifunika haraka kwa neno "ilipita". Hilo la ukuta wa Manyara. Daktari aliyekuandikia dawa ulimwambia? Kwa jinsi ulivyoandika nahisi hukumwambia.

Wazo la namna hiyo huwajia watu wengi wenye sonona. Halina maana kwamba umerogwa, au una roho mbaya, au imani yako imepungua, na wala si lazima likufikishe popote. Lakini ni dalili ya ugonjwa, tena dalili inayobadilisha namna ya kukutibu: utaonwa baada ya siku ngapi, upewe vidonge vingapi kwa mara moja, nani awe karibu nawe. Kwa hiyo kesho asubuhi rudi pale pale ulipotibiwa, usingoje tarehe ya kliniki, umwambie maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Atakuuliza: linakuja mara ngapi, linakaa muda gani, umewahi kupanga chochote, nyumbani kuna nani. Usiogope maswali hayo. Kuulizwa hakumtii mtu wazo kichwani, na wengi hutoka chumbani wakiwa wepesi kuliko walivyoingia, kwa sababu walikuwa wamelibeba peke yao. Likikurudia kabla hujaonwa, hata kama ni saa nane usiku, usikae nalo. Mwamshe mkeo mwende kitengo cha dharura, Mount Meru au hospitali yoyote iliyo karibu. Ukiwa upande wa Moshi nenda Mawenzi au KCMC.

Sasa safari. Jumatatu usiende.

Najua ninachokuomba. Najua huu ni msimu, najua siku 6 za mshahara na tipu ni ada ya shule ya mtu. Lakini swali lako limekaa upande mmoja tu. Unauliza kama dawa itakuharibia usukani, wakati usukani umeshaguswa na ugonjwa. Hulali, na dereva asiyelala hupoteza umakini hata kama hajameza kidonge chochote. Sonona yenyewe hupunguza kasi ya kufikiri na ya kuamua. Juu ya hayo kuna lile wazo, na wewe mwenyewe umesema lilikujia ukiwa unashuka mteremko na watu wamo ndani ya gari. Ukianza dawa Jumapili, siku zenye maudhi zaidi zitakukuta huko Serengeti, kati ya Naabi na Seronera, mbali na daktari wako, mbali na mkeo, na mtandao unakuja na kupotea. Usipoanza kabisa, utakwenda na ugonjwa usiotibiwa kwenye njia zile zile. Sioni njia ya tatu, na hizo mbili zote sizipendi.

Mwite mwenzako mbadilishane, kama mnavyobadilishana gari la mtu likiharibika. Kwa bosi sema hivi: "Naumwa, nimeandikiwa dawa mpya, daktari anataka niizoee nikiwa nyumbani kabla sijabeba wageni." Kila neno hapo ni kweli, na jina la ugonjwa si lazima alijue. Akitaka karatasi, mwombe daktari akuandikie kwamba unahitaji mapumziko. Siri ya mgonjwa ni yako, daktari hana ruhusa ya kuitoa kwa mwajiri.

Kama daktari wako ataridhika kesho kwamba fluoksetini ndiyo inayokufaa, nakushauri uanze mara moja, usingoje mwezi mwandamo wala msimu uishe. Ngoja nikuambie siku za mwanzo zinavyokuwa, maana hapa ndipo watu wengi hukimbia.

Utakula uji au chai na mkate, utameza kimoja na maji, asubuhi. Asubuhi kwa sababu dawa hii kwa wengi huchangamsha kuliko kulaza, ukiimeza jioni inaweza kukukesha. Siku hiyo ya kwanza pengine hutasikia kitu. Siku ya pili, ya tatu, tumbo linaanza kuvurugika: kichefuchefu, pengine choo chepesi. Kichwa kinagonga. Usingizi, ambao tayari ulikuwa mbovu, unaweza kuwa mbovu zaidi kwa siku kadhaa. Mikono inatetemeka kidogo ukishika kikombe, jasho linatoka bila jua. Na lililo gumu kuliko yote, wasiwasi unaweza kupanda badala ya kushuka: mwili hautulii, unakaa unainuka. Mtu akifika hapo husema dawa imenikataa, anavitupa chooni. Hayo kwa kawaida huanza kufifia ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Nafuu yenyewe huja polepole. Dalili zake za mwanzo huonekana ndani ya wiki mbili za kwanza au zaidi kidogo, na picha kamili huitazamii kabla ya wiki ya 4 hadi ya 6. Maana yake ni kwamba unaanza kulipa kabla hujapokea. Ni mpangilio mbaya, nakubali, ila ukiujua mapema hautakutisha.

Tena nafuu mara nyingi haianzii pale unapoitafuta. Wewe utakuwa unangoja furaha, kumbe kinachotangulia ni kwamba umelala mpaka alfajiri, au umemaliza sahani, au mtoto kamwaga maji na hukufoka. Mkeo ataona kabla yako. Nguvu za mwili nazo huweza kurudi kabla mawazo hayajatulia, na hicho ni kipindi cha kuangaliwa kwa karibu, hasa kwa mtu aliyekuwa na wazo kama lako. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo rasmi mwaka 2004 kwamba dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru kwa watoto na vijana zinapoanza kutumika, na mwaka 2007 likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Wewe umeshapita umri huo, lakini mimi humwangalia kila mtu wiki za mwanzo bila kujali umri. Muombe daktari akuone tena baada ya wiki moja, si baada ya mwezi.

Karatasi ya ndani usiichome, ila isome kwa jicho hili: mtengenezaji analazimika kuandika hata madhara adimu, yanayompata mtu mmoja kati ya maelfu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Oxford walikusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, watu 116,477. Dawa zote zilifanya vizuri kuliko kidonge bandia, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa, na majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache tu. Lakini kuna jambo moja humo linalokuhusu wewe na karatasi yako. Fluoksetini ilikuwa mojawapo ya dawa mbili ambazo washiriki waliziacha njiani kwa kiwango kidogo kuliko hata waliomeza kidonge bandia. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwisho wa mwaka 1987, si ngeni. Haimponyi kila mtu: wapo wengi wanaohitaji kuongezewa dozi au kubadilishiwa dawa, na hilo likikutokea usijione umeshindikana.

Yapo machache ambayo hayangoji. Ukitoka vipele mwili mzima au uso ukavimba, acha dawa uende hospitali. Ukipata homa pamoja na misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa na mwili kutetemeka sana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ghafla unajisikia mwenye nguvu kupita kiasi, unalala kwa muda wa saa mbili tu na huchoki, unaongea bila kituo, unatumia fedha ovyo, mwambie daktari upesi. Kama umewahi kupitia kipindi cha namna hiyo zamani, au ndugu yako wa damu amewahi, mwambie kesho kabla hujaanza, kwa sababu sonona ya aina hiyo haitibiwi kwa fluoksetini peke yake.

Rafiki yako anayesema "dawa za Mirembe" simlaumu. Amemwona mtu mtaani aliyetoka kulazwa, anatembea amekakamaa, mate yanamtoka, uso hauna mjongeo. Hicho alichokiona kinasababishwa na dawa nyingine kabisa, kama haloperidoli, au sindano ya mwezi ya flufenazini, wanazopewa watu wanaosikia sauti au waliopoteza uhusiano na hali halisi. Zina kazi yake na zimerudisha watu wengi kwenye familia zao. Wewe hukuandikiwa hizo. Na hofu ya uteja, ukiichunguza, mara nyingi imetoka kwenye diazepamu, vile vidonge vya usingizi ambavyo watu hununua duka la dawa bila cheti. Hivyo ndivyo vinavyozoeleka: leo kimoja, baada ya muda viwili, ukikosa hulali na mwili unatetemeka. Fluoksetini haikupi raha ukimeza, haikudai uongeze dozi ili ufike pale pale, na sijamwona mtu anaiiba kabatini. Lakini sitakudanganya kwamba unaweza kuiacha siku yoyote unayotaka. Mwili unaizoea, na ukikata ghafla baada ya miezi unaweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu, ndoto kali, na kuna wanaosikia kama shoti ya umeme kichwani. Ndiyo maana huachwa kwa kushushwa taratibu, daktari akiwepo. Muda wenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri uendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Sio maisha. Wanaohitaji miaka ni hasa wale ambao sonona imewarudia mara kadhaa.

Nguvu za kiume. Umeandika neno moja tu kuhusu hili, lakini wanaume wengi huacha dawa kwa sababu hii na hawamwambii mtu. Ni kweli, dawa za kundi hili zinaweza kupunguza hamu, na zaidi sana zinachelewesha kumaliza. Hutokea kwa watu wengi, na tofauti na kichefuchefu, mara nyingi haliondoki lenyewe baada ya wiki mbili. Ni kweli pia kwamba sonona yenyewe huua hamu, na kwa ulivyoandika huna hamu ya kitu tangu Januari, kwa hiyo wapo ambao mambo hutengemaa wakipata nafuu. Likikutokea lisikae moyoni. Mwambie daktari, anaweza kupunguza dozi, au kukubadilishia dawa yenye athari ndogo upande huo. Usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani, na usiache kimya kimya. Mwambie na mkeo kwamba ni dawa, asije akadhani yeye ndiye sababu.

Sasa nizungumze na dereva, maana kazi yako ina mambo yake ambayo daktari mwenye foleni ya watu 40 mlangoni pengine hakuyauliza.

Mgongo. Sijaona dereva wa njia za Serengeti asiyelalamikia mgongo, na wengi mnaweka diklofenaki au ibuprofeni kwenye dashibodi. Fluoksetini ikichanganywa na hizo inaongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu, zaidi kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo. Tumia parasetamoli badala yake. Kama haitoshi, mweleze daktari mgongo wenyewe, usijitibu. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali. Na tramadoli, ambayo najua inapita mikononi mwa madereva, usiiguse kabisa ukiwa kwenye dawa hii: zikikutana zinaweza kuleta ile hali ya homa na kukakamaa niliyoitaja, na hata degedege.

Mirungi, mbali na kukataliwa na sheria, inakunyima usingizi ule ule tunaotaka kuurudisha, na inapotoka mwilini inakuacha na huzuni nzito. Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa ya tatu ya mchana, wiki za mwanzo viache. Mikono itatetemeka maradufu. Pombe naomba uiweke pembeni mpaka utengemae, iwe bia ya Jumamosi au mbege ya ukweni Kibosho. Inakulaza saa tatu kisha inakuamsha saa tisa usiku na mawazo yote. Kuna wanaoruka dozi ya Jumamosi ili wanywe kwa usalama. Haisaidii chochote: fluoksetini hutoka mwilini polepole mno, kwa wiki, kwa hiyo siku hiyo bado unayo damuni. Kwa sababu hiyo hiyo, ukisahau kidonge siku moja usitaharuki na usimeze viwili kesho yake. Endelea na kimoja kama kawaida.

Malaria ikikushika huko porini, pima na utibiwe, usiache. Ila mwambie anayekupa ALu, ile dawa mseto ya malaria, au anayekuandikia dawa nyingine yoyote, kwamba unatumia fluoksetini. Piga picha boksi la dawa uiweke kwenye simu, utamwonyesha tu. Mitishamba nayo itaje kwa daktari. Kama kanisani au msikitini wanakuombea, waendelee; sala na kidonge havigombani. Ninachokataa ni kuambiwa uache kimoja ili kuthibitisha kingine. Mkoa huu uliona mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya miti ya mchungaji aliyeitwa Babu, jinsi wagonjwa walivyoweka kando dawa za kisukari na za ukimwi, na wapo waliorudi hospitalini wakiwa na hali mbaya.

Mkeo mwambie, tena leo, kabla hujanijibu. Huna haja ya hotuba. Mkiwa wawili tu, watoto wamelala, mtolee hilo boksi umwonyeshe: "Nilienda hospitali, wanasema ni sonona, wamenipa hii, naogopa." Halafu mwambie na lile la Manyara, kwa maneno yako. Kisha mwachie vidonge avitunze yeye, akupe kimoja kila asubuhi na chai, angalau miezi hii ya mwanzo. Kama nyumbani kuna dawa nyingine zilizolundikana, au dawa za mifugo na za shamba, naye azitoe hapo au azifungie. Najisikia vibaya kumwambia mtu mzima akabidhi dawa zake, lakini kwa mtu aliyepitia ulichopitia kwenye ule ukuta, hiki ni kitu kimoja kidogo kinachookoa maisha. Mkeo pia aende nawe kliniki. Yeye ndiye atakayemwambia daktari kwamba unaamka saa tisa usiku na kukaa sebuleni gizani, wewe utasema tu "silali vizuri".

Muulize daktari pia kuhusu ushauri nasaha, kukaa na mtu aliyefunzwa na kuzungumza kwa wiki kadhaa. Si kila hospitali ina mtu huyo kila siku, lakini kwa sonona, dawa pamoja na mazungumzo hushinda kimojawapo peke yake. Na vipimo viwili vitatu vya damu vinafaa, ikiwemo wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu matatizo ya huko huweza kujifanya sonona.

Kurudi kazini kutaamuliwa na usingizi wako, siyo kalenda ya bosi. Ukilala usiku kwa wiki nzima, kichwa kikawa chepesi, lile wazo likawa halipo, na daktari akakubali, anza kuendesha mjini hapa hapa, mchana, mkeo akiwa pembeni. Kisha chukua safari ya siku moja, Hifadhi ya Arusha au Tarangire, urudi ulale kwako. Serengeti ije baadaye, na ukienda, dawa za siku zote za safari pamoja na za ziada ziwe kwenye mkoba unaobaki na wewe, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Mimi sijakuona, nimekusoma tu. Daktari wako kesho akiamua tofauti na nilivyoandika, iwe kuhusu dawa, dozi au hata kukulaza siku chache, mfuate yeye.